Jina la Mama Chini ya Uso Wake

Jumatano, 1 Septemba

Na sauti ya nyayo za simba kwenye televisheni pia si ya simba. Hilo ndilo lililonishinda. Upepo nilikubali, ndege nilikubali, lakini nyayo zenyewe? Mutwiri anasema kamera ilikuwa mbali mno kusikia kitu, kwa hiyo baadaye mtu aliketi chumbani akakandamiza majani makavu kwa mikono, na sisi tukaona simba anatembea. Nilikuwa napiga pasi shati lake la bluu. Nilimwangalia akieleza mpaka kola ikaanza kunuka.

Wiki ya tano tangu harusi. Bado naamka nikishangaa kwamba huyu mtu ni wangu. Hapa Kinoru tuna chumba kimoja na jiko, lakini hata ningepewa nyumba ya mkuu wa wilaya nisingehama.

Anasema mchezo wa televisheni na makala ya mambo ya kweli hutengenezwa kwa vyombo vilevile. Kamera ileile, taa zilezile, kukata na kuunga kulekule. Ila mchezo hukuambia mapema kwamba unakudanganya. Nilimwambia hiyo ni hekima. Akaniambia niangalie shati.

Habari kubwa: watu wa Nairobi wamemchukua ashike kamera kwenye makala ya shida ya maji Mbeere. Mume wangu, ambaye mpaka sasa amekuwa akipiga picha za harusi tu! Wanatafuta mama mmoja wa kijijini wamfuate siku nzima. Sikungoja amalize. Nilisema, mchukueni Mama yangu.

Jumamosi, 4 Septemba

Nyumbani kwetu, Mbeere. Jua kali. Siku nzuri kuliko zote tangu harusi.

Mutwiri nyuma ya kamera ni mtu mwingine. Hasemi. Anafumba jicho moja, midomo inakaza. Nilisahau kufanya kazi niliyopewa kwa kumtazama.

Kazi yangu ilikuwa kusema. Mkubwa wao anajua Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi, Mama anajua Kimbeere. Mutwiri angeweza kujaribu, Kimeru si mbali sana na lugha yetu, lakini yeye ni mkwe. Kwetu mkwe hamsemeshi mama mkwe maneno marefu ana kwa ana, na mama mkwe hamkatalii mkwe wala hamhoji. Ni nthoni, ile haya ya heshima. Kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwangu.

Mama alipotokea amevaa gauni lake la kanisani, wakamtaka la shambani. Akabadilisha. Wakataka avue viatu. Akavua. Kisha mkubwa wao akaliona tangi la maji la Mama kando ya nyumba, akasema halifai kuonekana. Mutwiri akahamisha kamera nyuma ya ghala, chini karibu na ardhi, tangi likapotea kabisa. Mama akaniuliza kwa nini wanalificha. Nikamwambia, "Mama, ni kama ule mchezo wa televisheni wa Jumapili. Yule anayeigiza mjane ana mume wake kwao. Wewe jifanye huna maji."

Akafurahi. Aliwahi kuigiza kanisani akiwa msichana na hajasahau. Alijipaka vumbi miguuni bila kuambiwa.

Walimtembeza mpaka mtoni mara nne na mtungi wa plastiki. Mara ya kwanza mtungi ulikuwa mtupu, mkubwa akakataa, akasema shingo haidanganyi, huonekana haina mzigo. Wakaujaza. Waliujaza kwenye bomba la tangi la Mama. Tulicheka sana.

Mwishoni Mama aliketi kwenye mchanga wa mto mkavu akasema, "Watoto wangu watakunywa nini?" Chozi likatoka, la kweli. Watoto wenyewe ni mimi, nimesimama nyuma ya kamera nakula mahindi ya kuchoma.

Alhamisi, 9 Septemba

Sijui nianze wapi.

Mchana nilimpelekea Mutwiri githeri, mahindi na maharagwe yake, kwenye duka la picha anakofanya kazi, Makutano. Kaseti ilikuwa imefika kutoka Nairobi, makala yameshaungwa. Alifunga mlango tuone wawili tu. Nilimshika mkono. Mama alivyotokea! Mrembo, mwenye huzuni, vumbi linang'aa nyuma yake. Nilitaka kulia kwa fahari.

Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kusema juu ya picha. Ikasema mama huyu hana tangi. Hajawahi kuwa nalo. Hakuna aliyewahi kumsaidia. Na chini ya uso wake wakaandika kwa herufi nyeupe: Julia Marigu.

Jina lake.

Lile tangi lilijengwa na kikundi cha kina mama. Kumi na watatu. Wanajengeana kwa zamu, na mchanga wanaubeba mgongoni kutoka mtoni. La Mama lilikuwa la tatu. Kumi bado hawana, wanangoja, na wakati wa kiangazi wanakuja kuteka kwake. Hao ndio watakaosikia kwamba hakuna aliyewahi kumsaidia.

Githeri haikuliwa.

Ijumaa, 10 Septemba

Tumegombana. Mara ya kwanza. Sikujua naweza kupandisha sauti mbele yake.

Anasema maneno yale hakuyaandika yeye, yameandikwa Nairobi. Kweli. Anasema wako kina mama wengi wasio na maji, na Mama amesimama kwa niaba yao tu. Kweli pia. Nikamwambia, basi wangempa jina lingine.

Nikamuuliza nani aliweka kamera nyuma ya ghala. Akaniuliza nani alimwambia Mama ni mchezo.

Nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya kanisa tulikaa kwa jirani, Mama Kendi, kutazama ule mchezo. Mjane alinyang'anywa shamba, akajitupa chini, akalia. Mama Kendi alikuwa anatafuna njugu. Akasema, "Lia dada, kesho uko saluni." Wote tukacheka.

Nikaona. Yule mwigizaji amelia uongo mbele ya nchi nzima na hakuna atakayemwuliza kitu, kwa sababu ule uongo ni wa mjane ambaye hayupo. Mchezo ukiisha, mjane anaondoka nao. Mama amelia vilevile, hata vizuri zaidi, lakini wa kwake umeandikwa jina lake. Atabaki nao nyumbani.

Mutwiri aliniona nimeacha kucheka. Akatazama sakafu.

Jumanne, 14 Septemba

Amepiga simu Nairobi kutoka posta. Aliomba waondoe lile jina, au ile sentensi ya tangi. Wamesema kazi imeisha. Itaonyeshwa Jumapili hii baada ya taarifa ya saa saba. Na wakamwambia wapiga picha wako wengi.

Aliniambia bila kuinua macho. Nampenda. Nimemkasirikia. Sikujua hivi viwili vinaweza kukaa pamoja kwenye kifua kimoja.

Nitaenda kumwambia Mama mwenyewe. Asisikie kwa watu.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimefika nyumbani peke yangu. Mama alikuwa anapukuchua kunde uani. Aliponiona alidhani nina mimba, akaanza kutabasamu.

Nilimwambia yote. Mwanzo alicheka. Aliuliza kama ameigiza vizuri. Nikasema vizuri sana. Nikamwambia kuhusu sauti ya yule mwanamume. Bado alikuwa anacheka kidogo. Nikamwambia wameandika jina.

Mikono ikasimama.

"Wewe uliniambia ni mchezo."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sikumwuliza mkwe kwa sababu nilikuwa na wewe."

Afadhali angenipiga.

Alimaliza kunde zote. Akavaa viatu, akaenda peke yake kwa Mama Njiru, mwenyekiti wa kikundi. Ndiye aliyebeba mchanga mwingi kuliko wote, na hana tangi bado. Zamu yake ni inayofuata. Alikataa nimfuate.

Alirudi jua likiwa bado juu. Kikundi chote kitatazama Jumapili. Hawatahukumu kitu ambacho hawajakiona. Nilijaribu kumsoma uso, nikashindwa.

Ijumaa, 17 Septemba

Wawili wa kikundi wamekuja kuteka maji. Wakasalimia. Wakateka. Hawakukaa kupiga gumzo. Mama alisimama mlangoni na ufunguo wa bomba mkononi mpaka wakapotea.

Nina hofu.

Jumapili, 19 Septemba

Sebuleni kwa Mwalimu Nyaga, aliyestaafu, mwenye televisheni ya betri ya lori. Kina mama kumi na wawili kwenye mabenchi. Mama mbele kabisa. Mimi ukutani.

Nilikuwa nimesahau jinsi picha zilivyo nzuri. Hilo ndilo baya. Kila kitu Mutwiri alichofanya kilikuwa kizuri. Shingo ya Mama chini ya mtungi, mishipa imesimama. Mtu yeyote angeamini. Mimi niliyeona mtungi ukijazwa, niliamini.

Sauti ikasema hakuna aliyewahi kumsaidia. Benchi likalia mtu akigeuka.

Mwalimu alizima. Mama Njiru akasema taratibu, "Kumbe ule mchanga nilikuwa naupeleka wapi?"

Mwingine akasema, "Umelia vizuri, Julia. Hata mimi ningekujengea tangi." Wakacheka. Kicheko kibaya.

Mama alisimama. Alisema alidhani ni mchezo, na kwamba hilo si la kujitetea, kwa sababu mtu mzima akifichiwa tangi lake anapaswa kuuliza. Akaketi. Nilisimama na mimi. Nikasema kinywa kilikuwa changu, Mama alinisikiliza mimi.

Mama Njiru akanigeukia.

"Wewe ulikuwa unafurahia bwana. Tumekuona. Tulikuwa hivyo sisi sote." Hapo walicheka kidogo tofauti. "Lakini aliyeshika kamera ni yeye. Aje aseme hapa alichokiona, kwa mdomo wake, mama mkwe wake akisikia. Akija, yameisha. Asipokuja, Julia atarudisha ufunguo, na jina lake tunalifuta kwenye kikundi."

Nikasema mkwe hawezi kusimama hivyo, kuna nthoni. Mzee humsemea.

"Nthoni ilikuwa wapi alipomvua viatu?" akasema Mama Njiru.

Hakuna aliyebisha. Hata Mama. Siku waliyoweka ni mkutano wa mwisho wa mwezi, Jumanne, tarehe ishirini na nane.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimerudi Kinoru. Mutwiri alikuwa amepika. Ameunguza wali. Ningemcheka siku nyingine.

Nilimwambia walichosema, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavaa koti akatoka. Nilimwona dirishani akizunguka uwanja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono mfukoni.

Alirudi. Akala wali ulioungua, akalala.

Jumanne, 21 Septemba

Bado hajajibu. Watu wa Nairobi wametuma ujumbe dukani. Wameyapenda sana makala. Wanamtaka Isiolo wiki nzima kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na saba. Akifanya vizuri watamwajiri.

Ameniambia hivyo tu, kama mtu anayesoma tangazo.

Siwezi kumwomba. Nikimwomba aende kwa Mama, atakuwa ameenda kwa ajili yangu, na kina mama wale watajua. Wao wanaona. Nimejifungia jikoni nikalia, kisha nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kuna mtu niliolewa naye kanisani wiki saba zilizopita na leo simjui.

Jumatano, 22 Septemba

Hakuna jipya. Amekula, amekwenda kazini, amerudi. Nimemwuliza kama anataka chai. Amesema ndiyo. Ikapoa.

Alhamisi, 23 Septemba

Asubuhi nilikuwa nasuka ukindu mlangoni. Alikuja akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwangu. Akauliza kwa Kimbeere unasemaje "nililiona tangi".

Nikamwambia.

Akauliza "nikaweka kamera mahali lisipoonekana". Hilo lilikuwa gumu. Alilirudia mara nyingi, ulimi wake wa Kimeru ukivuta maneno huku na huku. Nilitaka kumpa namna laini zaidi ya kulisema. Tunazo. Sikumpa. Hakuniomba.

Akasema ameshawajibu watu wa Nairobi kwamba haendi Isiolo. Wamechukua mtu mwingine. Alisema pia anaogopa kina mama wale kuliko kitu chochote, hasa Mama yangu, kwa sababu atakuwa amekaa pale akimtazama na yeye hatajua aweke macho wapi. Nilimwambia ayaweke kwa Mama Njiru. Akasema huyo ndiye mbaya zaidi.

Tukakaa. Mlima mbele yetu ulikuwa wazi, hauna wingu. Nimemwandikia Mama barua fupi, na mwanamke wa sokoni anayerudi Siakago, karibu na kwetu, kesho ataibeba. Nimeandika kwamba mkwe wake anakuja, hana kamera, na hatakuja na mzee wa kumsemea. Wasifanye mapishi ya kumpokea mkwe. Tutafika Jumanne kabla mkutano haujaanza, kabla ufunguo haujarudishwa.