Kovu Lililohamia Shavu la Kulia

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
Jumatano, 8 Oktoba 2003.

Mpendwa Dada Shukriya,

Tak, tak, tak. Ni mlio wa ukucha wa Ami Thani ukigonga karatasi juu ya meza ya kioo. Tangu Ijumaa umo masikioni mwangu. Nikisali umo, nikila umo. Nisamehe kwa kuanza nao kabla ya salamu. Mkono umetangulia.

Haya, shikamoo dada. Hujambo wewe na shemegi Marhoun? Baridi ya Boston imeshaanza? Maen ameota meno? Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi. Bibi Mahfoudha magoti na macho ndiyo yanayomsumbua, lakini ulimi haujaguswa, anatugombeza sote kwa zamu. Joto limepungua kidogo. Nyumba imejaa vitambaa na mafurushi, maana kesho Alkhamisi baada ya Laasiri ndiyo milka yangu. Tunafungishwa ndoa, mimi na Ghaith.

Bahasha yako ilifika salama. Najua kopi zile ulizitoa maktaba mbiombio, mtoto mgongoni, wala hukuzisoma. Basi nikusimulie ulichonitumia, kwa kuwa hicho ndicho kinachonitetemesha.

Mchoraji niliyemchagua kwa utafiti wangu wa chuo kule Nizwa ni Amos Thurlby. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Massachusetts, na yeye mwenyewe alianza kwa kupaka mabango ya maduka. Mwaka 1856 alipanda meli ya wanunuzi wa sandarusi akafika Unguja. Alikaa miezi minne, akachora kila aliyekubali kusimama mbele yake. Aliporudi kwao akatoa kitabu cha picha thelathini na moja. Baadaye alichora vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya magazeti, akapata jina kubwa, kisha macho yakafifia na jina likafifia nayo. Uzeeni alikuwa akichora matofaa tu. Ameandika kwamba tofaa halikasiriki likikosewa. Nilimpenda kwa sentensi hiyo, na sasa namwogopa.

Picha ya kumi na tisa ni mwanamke na mwanamme mbele ya mlango wa nakshi. Chini yake pameandikwa: Ghaniya na mumewe Muhanna, watumwa wa nyumba ya Sheikh Soud.

Dada, soma tena majina hayo. Tangu utoto tumeambiwa kwamba Bi Ghaniya na Muhanna ndio chimbuko letu, na kwamba Muhanna alikuwa mtoto wa kaka yake Sheikh Soud, muungwana wa Ibra hii hii. Juu ya neno hilo tulirudi kutoka Tabora, juu yake tukapewa jina la kabila, na juu yake kesho Ghaith ananioa.

Ijumaa karatasi nilizisahau sebuleni. Ami Thani, na Kiingereza chake cha ofisini Tabora, akaichukua hiyo hiyo ya kumi na tisa. Rangi ikamtoka.

“Kovu je?” Bibi akauliza kutoka kitini pake. “Kovu lipo?”

Sote tunajua kwamba Bi Ghaniya aliungua na mafuta shavu la kushoto. Ami akashusha miwani, akaanza kugonga karatasi. Tak, tak, tak.

“Lipo, lakini kulia! Kulia, mama! Si yeye bwana, Unguja akina Ghaniya walijaa kama mapapai.” Kisha akanigeukia huku akicheka na kujifuta jasho. “Na wewe mwalimu! Mtoto unampeleka chuo akajifunze rangi, anakurudia na babu mpya.”

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona mlango. Juu yake pamechongwa Bismillahi, na Bismillahi hiyo inaanzia kushoto, herufi zimetazama kinyume. Nikafunua picha ya ishirini: wanaume sita wanakula wali, wote kwa mkono wa kushoto. Wamarekani hawakuona kasoro. Na watu wetu, waliohifadhi msahafu, walikuwa wanatazama shavu tu.

Nilikwenda chumbani nikaielekeza picha kwenye kioo cha kabati. Bismillahi ikasomeka. Kovu likarudi kushoto.

Nilikuta maelezo kwenye kurasa za shajara yake, nazo ulizitia katika bahasha. Wakati ule Thurlby alikuwa mgeni wa kazi hiyo. Alichora moja kwa moja juu ya kipande cha mbao, akasahau kwamba ubao ukigandamizwa kwenye karatasi hugeuza kila kitu. Miaka mingi baadaye alilifanyia mzaha kosa hilo: katika kitabu changu cha kwanza, Unguja nzima ni mashoto.

Bibi aliingia akishika ukuta.

“Funga makaratasi hayo, mwanangu,” alisema. “Mie najua tangu siku ya saba ya harusi yangu. Babu yako alinambia, akanilisha yamini.”

“Hukuogopa, bibi?”

“Kila ilipopigwa hodi. Miaka sitini.”

Nadhani hayo ndiyo yaliyonivunja. Bi Thuraya, mama yake Ghaith, ameshauliza asili yetu mara tatu, na mara zote Ami amejibu kabla swali halijaisha. Hapa kwetu kuna ndoa zimevunjwa kwa kukosa kufu, yaani kutolingana asili, watu wana watoto tayari. Namwogopea Ami, anavyoketi barazani na wazee wenzake. Naogopa uso wa Ghaith. Ni mpole, ananipenda, lakini sijamwona hata siku moja akimbishia mama yake.

Kuna hofu nyingine nimeona haya hata kuiandika. Nilipolisoma neno “watumwa”, jambo la kwanza nililolitamani ni kwamba mwanamke yule asiwe wangu. Anasimama pale, kidevu juu, anamtazama mgeni machoni, na mimi, kilembwe chake niliyesomeshwa, nilitaka kumfukuza mlangoni. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Hofu hiyo peke yake ingetosha kunifanya niishi kama Bibi, nikishtuka kila hodi.

Nisalimie sana shemegi Marhoun. Mbusu Maen mashavu yote mawili. Mdogo wetu Alaa akipita kwenu mwambie barua zake Bibi anasomewa, na anataka ijayo iwe ndefu. Mama anakusalimu, Ami anakusalimu.

Nimezitanguliza salamu za watu ili nisipate pa kujificha tena. Leo asubuhi nimekwenda soko la Jumatano, soko letu la wanawake, ambako Ami hawezi kunifuata. Nilimkuta Bi Thuraya kwa muuza udi. Nimempa picha, nikamweleza mlango, mkono wa kushoto, kovu, yote.

“Wee mwana una wazimu? Kesho si ndiyo milka!”

“Ndiyo maana nimekuja leo, mama.”

“Ami yako anajua?”

“Hajui.”

Aliikunja picha mara nne, akaitia mkobani, akamgeukia muuza udi akamwambia ampimie. Hakunirudishia karatasi, wala hakuniaga.

Sasa ni saa nane mchana. Hapajatoka neno kwao. Mama ananiita nikajaribu nguo ya kesho, na hajui kitu. Nakwenda kuivaa.

Mola akulinde ugenini, wewe na nyumba yako, na atupe sote nguvu ya kuyabeba tuliyoyatenda.

Wako akupendaye, lije litakalokuja,

Lamya