Picha Yangu, Nywele za Rehema

Jumamosi, jioni. Homa Bay kumenyesha tangu adhuhuri, na mimi nimerudi kutoka Migori nimelowa hadi soksi. Nimelia kidogo njiani, nikamalizia nyumbani.

Nianzie mbali, maana msomaji mgeni wa blogu hii hatanielewa.

Nina miaka arobaini na tatu. Mwaka jana daktari aliniambia presha imepanda, akaniuliza mara ya mwisho nilikimbia lini. Nikamwambia ni shuleni, nikifukuzwa na mwalimu. Hakucheka. Ndipo jirani yangu, Mama Sharon, akanivuta kwenye kundi lao la mazoezi, katika ukumbi ulio nyuma ya soko, saa kumi na moja jioni.

Ni wanawake peke yetu, hata kocha wetu, Achieng. Madirisha tunayaziba kwa leso. Mlangoni kuna kikapu, na kila anayeingia anatia simu yake humo. Hiyo ndiyo sheria yetu ya pekee. Ndiyo maana tunaweza kuruka na kuhema, matumbo yakitikisika, bila mtu kujali.

Humo ndimo nilimjua Rehema, mwenye duka la vitambaa, aliyekulia Mombasa. Akifika alikuwa anavua buibui na mtandio, anavikunja vizuri, anaviweka juu ya kiti. Ni yeye aliyenishikia miguu wiki zile za kwanza, nilipokuwa siwezi kuinuka hata mara mbili. Alikuwa akikicheka Kiswahili changu, nami nikimcheka akijaribu Kijaluo.

Kundi lile lilinirudishia uso wangu. Kwa miaka mingi, kwenye picha za harusi, nilikuwa natafuta mtu mnene kuliko mimi nijifiche nyuma yake. Sasa nilianza kuvaa rangi kali. Nikaanza kuzungumza kwenye mikutano ya ofisini.

Halafu ikafika siku niliyopiga pushapu kumi bila magoti kugusa chini, na kichwa kikavimba. Simu yangu haikuwa kikapuni. Nilikuwa nimeificha kwenye begi tangu mwanzo, kwa sababu nilijua siku hiyo nitaweza. Nikajipiga picha mbele ya kioo cha ukumbini, na nilipofika nyumbani nikaiweka kwenye stetasi, kila mwenye namba yangu aione.

Niliitazama labda mara thelathini. Nilijitazama mimi tu.

Nyuma yangu kwenye kioo alikuwepo Rehema, nywele wazi, fulana isiyo na mikono, anacheka.

Kesho yake alinitumia neno moja: "Futa." Nilifuta, nikaomba msamaha kwa ujumbe mrefu, hakujibu. Jumatatu hakuja mazoezini. Baada ya wiki mbili tukasikia amehamia Migori kusimamia duka la kaka yake.

Miezi minne nimejikaza kisabuni. Leo nimeshindwa, nikaenda.

Nimemkuta akimpimia mteja kitenge. Amenikaribisha kwa adabu zote, akanipa stuli, akaniagizia chai. Adabu hiyo imeniumiza, maana zamani angenitania kabla sijakaa. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba niliificha simu kwa makusudi. Nilidhani atasema mumewe aligomba. Kumbe mumewe alihuzunika naye tu. Kilichomuuma ni mwanamume mmoja tunayefahamiana naye sote, mwenye namba yangu, aliyeingia dukani kwake akamwambia ana nywele nzuri, mbona anazificha.

"Mama Brian, mimi sikuvua mtandio kwa sababu ya joto," akasema. "Nilivua kwa sababu mlikuwa nyinyi."

Nimeinywa ile chai ikaniunguza ulimi.

Amesema amenisamehe. Alisema huku akikunja kitambaa, na ninamwamini. Nikamuuliza kama anafanya mazoezi huko Migori. Hapana, na magoti yameanza kumsumbua tena. Nikasema hapakosi kundi jingine la akina mama. Akatikisa kichwa, akasema hawezi kuanza kuwaamini watu upya.

Nilipoinuka kuondoka ndipo akauliza, "Wenzetu wanajua kwa nini niliacha kuja?"

Nikasema hawajui.

"Kwa hivyo wanadhani niliwaacha tu, bila hata kwaheri."

Ndivyo wanavyodhani, na zaidi ya hapo. Wamesema alikuwa na maringo, kwamba alituona washamba. Mama Sharon aliyasema hayo mbele yangu, nami nikiwa nimelala kwenye mkeka nikinyoosha misuli, na sikufungua mdomo. Wiki hiyohiyo walinipigia makofi kwa kupunguza kilo.

Niliyapokea.

Moyo umenivunjika, na safari hii siwezi kumlaumu mtu.

Nilifikiria kusubiri Jumatatu niwaambie nyinyi wa kundini ana kwa ana. Lakini najijua. Nitafika, mtanikumbatia, nitayameza maneno. Na najua mnasoma hapa, maana huwa mnanitania kwa ninayoyaandika.

Kwa hiyo Mama Sharon, Kocha Achieng, na nyinyi nyote: Rehema hakutuacha. Nilimpiga picha, nikaisambaza, na alipoondoka niliwaacha mumseme vibaya kwa sababu nilitaka kuendelea kupendwa.

Namba yake ni ileile. Mpigieni.