Nani Aliwaambia Nyuki

Ijumaa, 8 Juni 1934

Mchana kutwa nimesugua vinara vya shaba kanisani, na Kasisi Thurlow hajasema hata ahsante. Kakaa na kiko chake mdomoni ananisimulia tena alivyomnasa mwizi wa sanduku la sadaka. Kanisa tumempa, sasa anataka na kazi ya polisi! Hakuniachia mpaka mvua ilipoanza. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa.

Letty, mdogo wangu, peke yake jikoni, anakanda unga. Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Keshaondoka, kaenda Ludlow kuangalia farasi, atarudi kesho. Afadhali. Enoch asipokuwepo hata chai ina ladha. Letty kavaa mikono mirefu na joto hili. Sikuuliza. Nilishaacha kuuliza.

Jumamosi, 9 Juni

Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi jua kali. Na Enoch amekufa.

Nimemkuta mimi. Nilishuka stoo ya chini kuchukua viazi, nikakanyaga mkono wake. Shingo imevunjika. Sikulia—nimlilie nini? Miaka yote nimeishi chini ya paa la shemeji yule kwa ajili ya mdogo wangu tu, na hakuna siku aliyoniacha nisahau kwamba paa ni lake.

Konstebo Pugh kaandika: alirudi alfajiri kalewa, akateleza kwenye ngazi. Sawa kabisa. Daktari naye kaona sawa. Thurlow tu ndiye hakuona sawa. Hakuitwa, kaja. Kasali kidogo, kapekua sana, kala keki ya Letty mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Jumapili, 10 Juni

Kanisa zima lilitugeuzia shingo. Nje, Bi Prosser wa posta akasema kwa sauti ya kusikika, mjane gani huyu hana hata chozi. Nikamwambia, "Wewe unayo mengi, Bi Prosser, si umlilie basi!" Akafyata.

Ndipo nikakumbuka nyuki! Mama angenichapa. Mwenye nyumba akifa, unachukua ufunguo wa mlango mkubwa, unagonga kila mzinga, unawaambia nyuki nani amekufa, kisha unafunga kitambaa cheusi. Wasipoambiwa hufa, au huhama. Na wale si nyuki wa Enoch, ni wa baba yetu. Letty alipoolewa alikuja nao. Nikatoka mbio na ufunguo. Nikakuta vitambaa vimeshafungwa. Letty kanitangulia. Nimeona aibu, maana ile ni kazi ya mkubwa.

Jumatatu, 11 Juni

Thurlow tena! Nimemkuta bustanini, kainama kwenye mizinga na kiko chake, anawapulizia nyuki moshi. Letty alikuwa anaanika nguo.

"Bado mnaamini mambo haya ya kale?" akasema, anatabasamu. "Nani aliwaambia nyuki?"

Nikamwona Letty kainama ghafla kwenye kapu la nguo. Nikadhani anaogopa kuchekwa. Mimi kuchekwa nimezoea. "Mimi," nikasema. "Una neno?"

"Lini, Bi Hester?"

"Jumamosi, baada ya kumkuta. Ulitaka niwaambie kabla hajafa?"

Akapitisha kidole ubavuni mwa mzinga, akanionyesha. Kidole cheusi. Kitambaa kimechuja, rangi imetiririka michirizi kwenye mbao nyeupe mpaka chini. Akakipangusa kwa leso yake, taratibu, akaniaga kwa adabu zote. Nachukia adabu zake.

Jumanne, 12 Juni

Sikuweza kula. Tangu mvua ile ya usiku wa Ijumaa halijadondoka tone. Vitambaa vilinyeshewa. Basi vilifungwa Ijumaa, na aliyevifunga alijua Enoch amekufa wakati mimi naambiwa kaenda Ludlow.

Nikamfuata Letty jikoni. Hakukana. "Enoch alishuka stoo kuchukua mafuta ya taa, dada. Alisema leo anaichoma mizinga ya baba, nione nitakimbilia wapi. Nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi. Mkono wenyewe ulikwenda."

"Lakini nyuki, Letty! Ulishindwa kungoja?"

"Ningewaachaje? Wao wamekosa nini?"

Mjinga! Mjinga mpenzi wangu! Dunia nzima kaweza kuidanganya, nyuki hakuweza. Nilitaka nimzabe kofi, nikamkumbatia. Mikono yake ina alama za vidole, mbichi na za zamani. Hayo konstebo hakuyaandika, na kasisi mwenye macho makali hakuyaona miaka yote aliyokula keki hapa.

Jumatano, 13 Juni

Leo saa nane mchunguzi wa vifo anasikiliza shauri la Enoch kwenye ukumbi wa baa. Nimeitwa shahidi.

Thurlow kaja asubuhi. Safari hii kakataa keki. "Utashika Biblia, Bi Hester. Ukisema ni wewe uliyewaambia nyuki, ulijua Ijumaa. Ukisema si wewe, nitauliza ni nani."

"Basi ni mimi. Kijiji kizima kinajua nilivyomchukia."

"Ijumaa ulikuwa na mimi kanisani. Shahidi wako ni mimi, upende usipende." Kisha akasema kwa upole, na upole ndio ulionikata: "Wewe ungemuua Enoch, nyuki ungewasahau. Na uliwasahau."

Nikamwambia ukweli ukimaliza kazi kuna kitanzi, atakuja kukisalia? Uso ukamshuka. Akasema halali siku hizi. Nikamwambia vizuri, asilale. Nikamfukuza. Akasema atatungoja langoni.

Nimeshaamua. Nitaapa nilitoka kanisani mapema, nikamkuta Enoch kwenye ngazi, nikamsukuma. Litakuwa neno langu na lake. Akitaka, anyamaze! Mara moja tu maishani mwake anyamaze! Letty sijamwambia, lakini tangu asubuhi ananitazama. Nimemwambia avae kofia, saa inakwenda.

Hajaja. Kofia iko mezani. Ufunguo wa mlango mkubwa haupo kwenye msumari.

Namwona dirishani. Yuko kwenye mizinga, na vitambaa vyeusi vipya begani. Anagonga mzinga wa kwanza. Midomo inacheza. Anawaambia jina la atakayenyongwa—langu au lake? Dirisha limefungwa, sisikii. Thurlow yuko langoni, karibu naye kuliko mimi. Amesikia. Amevua kofia, kama mbele ya jeneza.