Kwako Mama, Uliyeimba Huku Ukiogopa

Mwaka umetimia, Mama, tangu pumzi yako ikatike, na bado ziko asubuhi tunaamka tukitega sikio tusikie kikohozi chako chumba cha pili. Zamani kikohozi hicho kilitutisha. Siku hizi ukimya ndio unaotutisha.

Wateja walikuita Vidole. Hakukuwa na kichwa cha mwimbaji mjini ambacho hakijawahi kulala mapajani mwako: wa kwaya, wa bendi, wa kumbi za harusi, hata yule kijana wa muziki wa kufokafoka aliyekuja kusukwa mistari akaanza kulia kabla hujamgusa. Ulisuka ukiimba, na mteja aliyekosea sauti ya pili ulimvuta nywele kidogo, kisha ukasema umeteleza. Mwanamke aliyepukutika nywele kwa ugonjwa ulimfungia pazia, ukamvisha kilemba, ukamsifia umbo la kichwa mpaka akaondoka anatembea kama malkia.

Saluni yako ilikuwa chini ya lile jengo la ghorofa. Ulituambia baadaye kwamba halikuanguka ghafla. Lilianza kwa kulia, mlio kama wa ubao mkavu unaokanyagwa, kisha vumbi laini likadondokea kioo. Mama mdogo, mdogo wako wa toka nitoke mliyekuwa mkisuka naye, akacheka akasema panya wa juu wamenenepa. Wewe ukatoka na beseni kwenda kumwaga maji ya kuoshea nywele. Ulipogeuka hapakuwa na mlango, wala mdogo wako. Ukuta wa mbele ukakulalia kifuani, na walipokufukua ulikuwa bado umeshika beseni. Mama mdogo alitolewa kesho yake akiwa maiti, pamoja na majirani wengi wa juu.

Tangu hapo woga ulihamia mtaani kwetu kama mpangaji asiyefukuzika. Lori likipita, watu wazima walitoka mbio wakiwa na povu la sabuni mwilini. Nyufa za rangi zilikaguliwa kama vipele vya mtoto mchanga. Walionusurika walilala uwanjani pa shule, na mvua iliponyesha walijifunika maturubai, wakakataa katakata kuingia madarasani. Wewe ulisogeza kitanda karibu na mlango, ukawa unalala na viatu. Baba alipokuuliza ulimjibu kwamba unapata baridi miguuni.

Kisha akaja yule jirani aliyefiwa na mume na watoto. Alikaa chini uani kwetu, akalaza kichwa mapajani mwako, akakuomba umwimbie kama enzi za saluni. Kifungua mimba wako aliporudi kutoka sokoni aliwakuta vilevile. Jirani amelala fofofo, usingizi wake wa kwanza wa maana tangu msiba, na wewe miguu imekufa ganzi, unaogopa hata kumfukuza nzi. Ukamnong'oneza mwanao, "Hawa watu maneno wamepewa ya kutosha. Wanataka nyimbo."

Ndivyo albamu ilivyoanza. Uliwafuata wateja wako mmoja mmoja, kila mwimbaji atoe wimbo mmoja wa kuliwaza, na chochote kitakachopatikana kiwaendee waliofiwa na walioumia. Hakuna aliyekukatalia. Nani amkatalie mtu aliyemshika kichwa?

Kazi ilikwama mlangoni pa studio. Ilikuwa chini kabisa ya jengo refu, kuta zake zimebandikwa sponji, mlango mnene kama godoro. Fundi mitambo, mtu mpole asiyejua anachokisema, alituelezea kwa fahari kwamba mlango huo ukifungwa, hata ngoma ikipigwa nje husikii kitu. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kutega sikio, ilikuwa kama kuambiwa wavuke barabara wamefumba macho. Mwanakwaya aliyepona kutoka ghorofa ya tatu ya jengo lililoanguka aligeuka bila kuaga. Yule wa kufokafoka akakumbuka ameacha kitu jikoni, na sote tunajua jiko hana.

Mkajaribu kurekodia uani kwetu. Zikaingia honi, kuku, na jirani mmoja anayegombana na mkewe. Fundi alisikiliza yote kwa adabu, akasema aliyeshika sauti vizuri humo ni huyo anayegombana.

Basi ukawa unakwenda studio peke yako, unafika kizingitini, unarudi. Ukaacha kula. Baba alikusihi uachane na jambo hilo, kwamba hakuna atakayekulaumu, na sisi tulimuunga mkono. Tulikuwa tunakusikia unavyotweta ukipanda ngazi mbili tu za barazani. Tuliogopa kifua chako. Tuliogopa jengo lile. Na kilichotunyima usingizi hasa ni kwamba tuliogopa kukufukua mara ya pili.

Siku uliyoingia, ulimshika mkono kifungua mimba wako ukaingia naye. Waimbaji wengine walibaki barabarani, mbali na ukuta. Mlango ulipofungwa, dunia ilizimika masikioni. Mwanao anasema alisikia damu yake mwenyewe ikipita shingoni, na wazo moja likamganda: likianza kulia, hatutasikia. Alikutazama, akaona nawe unatazama dari. Jasho lilikushuka mpaka kidevuni. Vidole vyako vilimbana hadi vyake vikapoteza rangi. Alitaka kukuvuta mtoke.

Ukaanza kuimba. Sauti ilitetemeka kwenye neno la kwanza, ikatetemeka ubeti mzima, ikakatika katikati ya kibwagizo, ukavuta pumzi, ukaendelea. Hukuacha kutazama dari mpaka mwisho.

Fundi alifungua mlango, akakupa maji, akakuambia kwa upole kwamba ukishatulia mnaweza kurudia, na pale palipotetemeka yeye atapanyoosha kwa mitambo.

"Usipanyooshe," ulimwambia. "Wasikie kwamba naogopa, maana na wao wanaogopa. Nikiwaimbia kishujaa wataniona ni mtu wa mbali."

Ukatoka nje ukiwa mzima. Waimbaji walikutazama kuanzia unyayo hadi utosini, kama wanaokagua mzigo uliosafirishwa mbali. Mwanakwaya akauliza kama mtu anaweza kuingia na mwenzake wa kumshika mkono. Wakaingia hivyo, wawili wawili, mpaka albamu ikakamilika.

Ilipigwa mara ya kwanza uwanjani pa shule, jua likiwa bado juu. Hatutadanganya kwamba hofu iliisha. Wimbo wako ulipofika kwenye ule mkatiko, watu walishika vinywa, na mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe na yeye." Jioni hiyo baadhi yao walikunja maturubai wakaingia darasani, wakajipanga wote karibu na mlango, wamekaa wima.

Vumbi la siku ile lilikuwa bado limekaa mapafuni mwako. Ulipozidiwa, hospitali ilikuwa na kitanda ghorofa ya tatu tu. Tuliomba cha chini, hakikupatikana. Kila kigari cha dawa kilipopita, vioo vya dirisha vililia, nawe ukakamata vyuma vya kitanda. Daktari alimwita baba pembeni, na baba aliporudi alivuta kiti akakaa karibu na kichwa chako.

Alasiri ile ulituomba tukuimbie. Tukajaribu, hatukumaliza hata ubeti mmoja. Ndipo baba, ambaye maisha yake yote hajawahi kuimba mbele ya mtu, na kwa sababu nzuri, akaanza. Sauti ilitoka kama bati linaloburutwa. Wagonjwa waligeuza shingo. Ukafumbua macho.

"Baba Watoto," ukasema, "punguza. Utaliangusha hili jengo."

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sisi tulicheka tukilia. Neno hilo la kuanguka hakuna aliyethubutu kulitamka nyumbani kwetu tangu siku ya maafa, na wewe ukalitamka kwa mzaha, tena ukiwa ghorofa ya tatu. Ukaviachia vile vyuma. Ukaondoka huku baba akiendelea kuimba, kwa sauti ya chini, kama ulivyomwagiza.

Unakumbukwa na mumeo; kifungua mimba wako; wanao mapacha; watoto wa mama mdogo, ambao sasa ni wetu; mama mkwe wako, anayekugombeza mpaka leo kwa kumtangulia; wakwe, wajukuu na waimbaji wako wote. Bado tunaogopa, Mama. Lori likipita, tunashikana mikono.

Maadamu tunapumua, hutatutoka.