Barafu Ambayo Haikuanguka DeSoto

Jumamosi jioni, Januari. Mvua ilikatika saa saba mchana. Barabara iliyo mbele ya nyumba yetu hapa DeSoto, karibu na Dallas, imekauka, na jua hafifu linamulika mapaa ya jirani.

Hapakuanguka barafu.

Mke wangu alifariki wiki iliyopita, na kesho ndege inambeba kwenda kuzikwa kwetu Kenya. Leo tulikuwa tukimuaga. Eunice, mdogo wake anayeishi mji wa Katy, karibu na Houston, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapa, hawezi kusafiri nasi. Makaratasi yake hayajakamilika, na akitoka nchi hii hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Nafasi yake ya mwisho ya kumwona dada yake ilikuwa leo.

Alhamisi mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni alionyesha ramani. Houston ingepata mvua tu, lakini kuanzia Corsicana, mji ulio njiani, hadi Dallas mvua ingeganda barabarani Jumamosi kutwa. Kuanzia Jumatatu, jua wiki nzima. Nilimpigia Eunice papo hapo.

"Usithubutu kuingia barabarani."

"Shemeji, nitaendesha polepole. Ni dada yangu."

"Nimesema."

"Haya, shemeji."

Nilifundisha miaka mingi, na hata hapa kanisani wananiita Mwalimu. Hakuna anayenibishia mara ya pili. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo.

Leo saa mbili asubuhi Eunice alipiga simu. Alikuwa amevaa, na gari lilikuwa na mafuta. Je, barafu imefika? Nilitazama dirishani. Mjukuu wangu, ambaye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni ninaoandikia, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ile ni mvua tu. Lakini mtabiri alikuwa bado anasema itaganda kufikia adhuhuri. Nikamwambia Eunice akae.

Angalitoka saa ile, angalifika.

Wale ndugu wawili walikuwa na desturi yao. Kila walipokwenda kanisani pamoja, mmoja alimfunga mwenzake kitambaa cha kichwa. Eunice alikuwa ameomba amfunge dada yake leo, kabla jeneza halijafungwa. Nilimfunga mimi. Vidole vyangu vimezoea chaki. Kitambaa kilikaa upande, nikakifungua, nikakifunga tena, kikakaa upande vilevile.

Alasiri alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Ilianguka sana, shemeji?"

Nilikuwa nimesimama kwenye jua.

"Sana," nikamjibu.

Akanishukuru kwa kumwokoa.

Niliwahi kuwachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilijiambia ninamlinda asiumie. Si kweli. Niliona haya.

Kesho, kabla hatujaenda uwanja wa ndege, nitampigia. Nitamwambia kwamba hapakuganda hata tone moja. Nitamwambia pia kwamba kitambaa kilikaa upande, na kwamba nilijaribu mara mbili.

Akikata simu, nitajua kwamba amenisikia.