Watatuzi wa Redio Iliyonyamaza: Msiba wa Asafo na Jibu la Mwisho

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA UMOJA WA WATATUZI WA REDIO ILIYONYAMAZA, TAWI LA BANTAMA, KUMASI

Tarehe: Jumamosi, 15 Machi 2025
Mahali: Nyuma ya duka la kutengeneza friji la Mwenyekiti
Muda wa kuanza: Saa 10:20 jioni

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Opoku Asenso – Mwenyekiti
2. Bi. Serwaa Antobam – Mjumbe (mwalimu wa hesabu)
3. Bw. Yaw Dankyira – Mjumbe
4. Bi. Adwoa Dankyira – Katibu (zamani Bi. Nkansah; jina jipya lina wiki tatu na Katibu analipenda mno)

ASIYEHUDHURIA
Bw. Kojo Eshun – yuko Takoradi, alitoa taarifa.

KUMB. NA. 31/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe. Bi. Antobam aliomba kumbukumbu za safari hii ziwe kavu, akieleza kwamba zile za kikao cha sita zilimtaja Bw. Dankyira mara kumi na tisa, tano kati ya hizo zikihusu tabasamu lake. Katibu alipokea rai hiyo na kuahidi kujitahidi.

KUMB. NA. 32/2025: KIDOKEZO CHA NNE
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mchezo huu wa mtandaoni tunaoucheza unamtafuta mtangazaji wa redio wa kubuniwa, Araba Wusu, na kwamba waendeshaji wake, ambao hakuna anayewajua, hutoa vidokezo kwenye tovuti na mara nyingine huvibandika mitaani. Kidokezo cha nne ni tangazo la kifo cha Araba. Lina picha iliyofifia, umri wa miaka 97, uwanja wa shughuli, rangi ya mavazi na orodha ya wafiwa. Chini limeandikwa: "Humu mna uongo mmoja. Tuambieni ni upi." Kila kundi linaruhusiwa majibu matatu. Sisi tumekosea mawili, na mwisho ni leo saa 12:00 jioni. Kundi litakalokosa la tatu linatolewa mchezoni.

Bi. Antobam alieleza kwamba alihesabu herufi za kila mstari, akazigawa kwa saba, akapata namba isiyo na maana yoyote ila nzuri sana. Bw. Dankyira alisema, "Mwalimu, hata orodha yako ya sokoni ukiigawa kwa saba itakupa siri." Bi. Antobam alijibu, "Afadhali mimi nagawa karatasi. Sikwenda kuvamia msiba wa watu." Mwenyekiti aliona kwamba ajenda inayofuata imefunguka yenyewe.

KUMB. NA. 33/2025: MSIBA WA ASAFO
Bw. Dankyira alieleza kwamba aliona ukutani, mtaa wa Asafo, bango la mazishi ya fundi redio, Mzee Kwaku Boadi, yatakayofanyika tarehe 8 katika uwanja uleule uliotajwa kwenye tangazo la Araba. Akaamini ni kazi ya waendeshaji. Yeye na Katibu walikwenda wakiwa wamevaa kitambaa cheusi cha sare, sare yao ya kwanza tangu harusi (Katibu anaomba sentensi hii isifutwe, walipendeza). Kwenye meza ya michango Bw. Dankyira aliandika neno la siri la mchezo, na mshereheshaji akalisoma kwa kipaza sauti mbele ya wafiwa wote: "Kutoka kwa Watatuzi wa Bantama: Araba, tunakusikia!" Hakuna aliyeitikia. Ndipo walipoelewa kwamba marehemu ni wa kweli.

Mjane, Maame Pokuaa, aliwafuata akauliza walimjuaje mumewe. Bw. Dankyira, kwa kuona haya, alisema, "Alinitengenezea redio, Maame." Katibu naye aliitikia kwa kichwa, na analijutia hilo. Mjane aliwashika mikono. Katika wateja wote wa mumewe, hakuna mwingine aliyekuwa amekuja. Tangu siku hiyo amepiga simu kila jioni, akiomba kwamba kesho, familia itakapokutana kutoa shukrani, Bw. Dankyira asimame aisimulie hiyo redio.

Bw. Dankyira alisema hawezi kusimama na hawezi kukataa. Katibu alithibitisha kwamba mumewe hapati usingizi, na kwamba chakula chake cha Alhamisi, fufu, kilirudi nusu bakuli.

Mwenyekiti alishauri jibu la mchezo litumwe kwanza. Bi. Antobam alipinga: "Yaw, mama wa watu umempa kitu kimoja tu cha kushika, nacho hakipo. Ukimwacha akisimamishe mbele ya familia, utakuwa umemwibia." Simu ya Bw. Dankyira iliita katikati ya maneno hayo. Alikuwa ni Maame Pokuaa. Mwenyekiti aliagiza sauti iwekwe wazi na mazungumzo yaandikwe kama yalivyo.

"Yaw mwanangu, kesho vaa nyeupe, eh? Nimekuwekea kiti mbele."

"Maame, usiniwekee kiti. Mzee sikumjua. Hakunitengenezea redio. Nilikudanganya."

Katibu aliushika mkono wa mumewe, wala hakuuachia tena, ndiyo maana mwandiko kuanzia hapa umepinda.

"Hakuna redio?"

"Hakuna, Maame. Nisamehe."

"Na mimi nimeshawaambia mashemeji wote!" Kisha: "Sasa mlikuja kutafuta nini kwenye msiba wangu, na nguo nzuri vile?"

Bw. Dankyira aliueleza mchezo wote.

"Yaani mtu wa uongo, amekufa kifo cha uongo, halafu ndani yake mna uongo tena?"

"Ndiyo, Maame."

"Ei! Hebu nisomee."

Alisomewa.

"Wajukuu wangapi?"

"Hawajaandikwa. Wala watoto. Ni kaka na dada zake tu."

"Nguo?"

"Nyeusi na nyekundu."

"Awurade, Bwana wangu! Ajuza wa miaka tisini na saba mnamvalia nyekundu, kama kijana aliyekatwa njiani? Na hana mjukuu hata wa kuazima? Tangazo la mume wangu nimeliandika juzi tu, wajukuu nusura wamalize karatasi. Huyo umri wake ndio uongo. Alikufa binti mbichi. Kwani ninyi mlikuwa mnaliangalia na nini?"

Bi. Antobam alijibu kwamba walikuwa wanaliangalia na kikokotoo.

KUMB. NA. 34/2025: MAAZIMIO
Jibu "umri" lilitumwa saa 11:26 jioni. Saa 11:31 namba 97 ilifutika kwenye tovuti, ikaandikwa 24, na sauti ya mwanamke ikasema, "Asanteni. Sasa tafuteni nani aliniongezea miaka." Bi. Antobam alimkumbatia Mwenyekiti, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika kumbukumbu za umoja huu.

Bw. Dankyira alimuuliza Maame Pokuaa kuhusu kesho. Alijibu, "Utakuja, na utasimama. Sema ulivyonidanganya, yote, mpaka lile la kipaza sauti. Mume wangu alikuwa anafungua redio za watu ambazo hazijaharibika, kujua tu ndani mna nini. Angekupenda wewe."

Iliazimiwa kwamba Bw. Dankyira aende, Katibu amsindikize, wote wakiwa wamevaa nyeupe, na Mwenyekiti achukue chupa ya shnapsi, pombe kali ya kuombea msamaha kwa wazee wa familia.

KUMB. NA. 35/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alitaka kufunga saa 11:50, lakini Maame Pokuaa alikataa kukata simu mpaka aelezwe binti huyo alikuwa na maadui gani. Kikao kilifungwa saa 12:35 jioni, simu ya Bw. Dankyira ilipoishiwa chaji.

Tumeyasoma haya na tumekubali ndivyo yalivyokwenda.

…………………………
Opoku Asenso
MWENYEKITI

…………………………
Adwoa Dankyira
KATIBU