Majani ya Njano Nyuma ya Zizi

Dada Bhagirathi,

Tafadhali usome hadi mwisho kabla hujaniambia kwamba majani si mambo ya safu yako ya gazetini, maana hapa kwetu majani yanataka kumfukuza mtu.

Nyuma ya zizi tuna bangi, ile ya nyuzi na mbegu, tena kibali chake tunacho, na anayeitunza ni Dada Jasuli, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, mwanamke anayebandua ganda la shina zima kwa mvuto mmoja na kusokota uzi huku akipanda mlima na mzigo wa nyasi mgongoni, na mimi niliyesomea mimea chuoni Almora, siku ya kwanza nilipomwona nilisahau hata kuona haya ya bibi harusi, nikabaki nimemkodolea macho. Mvua za mwaka huu bangi imegeuka njano, na Ija, mama mkwe wetu, akasimama uani akauliza, "Nani kapita huku akiwa kwenye siku zake?" na jirani yetu mama Bishnuli akadakia toka ukutani kwake, "Si huyo Jasuli aliyekuwa analala zizini juzi, siku zake zilipofika? Shauri yenu, na maziwa yataharibika!" Dada Jasuli akacheka, akasema, "Ija, kama kivuli changu kina nguvu hivyo, basi nitumeni nikakipitishe kwenye viwavi wa kabichi," lakini Ija hakucheka, akasema kuanzia leo Jasuli haigusi bangi, wala shina wala uzi, na sasa Dada Jasuli anakunja nguo zake, anasema anakwenda kwao, na sioni dalili kwamba anapanga kurudi.

Mimi majani nimeyaangalia. Nimeyapindua moja moja, chini hamna wadudu, hamna utando, hamna madoa, njano imeanza kwenye majani makongwe ya chini na inapanda, vilele bado ni kijani, na safu iliyozidiwa ni ile ya ukuta wa zizi, ambayo kila mwaka ndiyo ndefu kuliko zote kwa sababu mkojo wa ng'ombe huchuruzika mpaka kwenye mizizi yake. Mwaka huu hauchuruziki. Sakafu ya zizi imetiwa saruji na mfereji umegeuziwa bondeni, na aliyefanya hivyo ni shemeji mkubwa, mume wa Dada Jasuli mwenyewe, ambaye kila mgeni lazima ampeleke akaione sakafu. Mbele yake, kwa heshima ya ukwe, mimi hujifunika uso, simsemeshi, jina lake silitamki, kwa hiyo nikisema mimea ina njaa nimesema nani kainyima chakula. Na madume, yale mashina membamba ambayo yakishamwaga unga wake wa maua hukauka kila mwaka, Dada Jasuli ndiye huyang'oa mapema kwa ajili ya uzi laini, sasa amekatazwa, yanakauka yamesimama, na mama Bishnuli anawaonyesha wapita njia, "Mnaona? Inaenea."

Niseme, au ninyamaze?

Anayejifunika Uso, Bageshwar

*

Mdogo wangu,

Macho unayo, na nimeyapenda. Mmea wenye njaa hunyang'anya majani yake makongwe ili ulishe machanga, ndiyo maana njano inaanzia chini. Umesoma sawasawa. Ila umeisoma bangi yote, na mwenzako anakunja nguo.

Habari ya saruji usiitaje. Si kwa kuogopa, ila haina kazi. Ija ameishi katika nyumba hiyo tangu kabla sakafu haijatengenezwa, anajua mkojo ulikuwa unapita wapi, na mwana ni wake. Akishaona, atamsema mwenyewe, tena kwa maneno ambayo wewe huruhusiwi.

Kwa hiyo aone. Kinga mkojo wa ng'ombe, changanya na maji, kikombe kimoja kwa kumi, usiuzidishe, utaunguza mizizi. Subiri siku mvua imekatika, umwage udongoni, si kwenye majani, nusu tu ya safu ile ya ukutani. Nusu nyingine iache ilivyo. Mwambie Ija, "Naomba tujaribu hapa." Majani yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi kijani, usije ukamwahidi hivyo ukaaibika, atazame yanayochipua.

Na usimwage kwa mkono wako. Amwage Jasuli, mchana, Ija akiwa amesimama pale. Ukimwaga wewe utaiponya bangi, na watasema imepona kwa sababu yeye kakaa mbali nayo.

Ija akikataa, muulize kwa adabu: ni safu ipi ilikuwa ndefu kila mwaka? Ile ya zizini. Na nani walikuwa wakilala zizini, hatua chache kutoka hapo, kila mwezi, Ija mwenyewe akiwemo? Mimi nimelala hivyo hivyo katika zizi la kwetu ujana wangu wote, na bangi ya upande wetu ilikuwa inanipita kimo. Kisha muulize nani atayang'oa madume. Mama Bishnuli? Uzi laini unaharibikia shambani, na Ija anajua hakuna mkono mwingine kama ule.

Lakini hayo baadaye. Hayo yote umeniambia mimi, mtu usiyemjua, na yeye mnayeishi naye chini ya paa moja hujamwambia. Weka kando barua hii, nenda chumbani kwake sasa hivi, umwambie, "Nimeyaangalia majani, dada. Si wewe." Halafu mpe ndoo. Mikono ikishashika ndoo haitakunja nguo.